Beta Si Zawadi, ni Kibarua

Jumatano moja ya wiki ya tano ya TP nilisimama mbele ya Kidato cha Pili, katika shule moja huku Mbagala, nikawaomba wanafunzi kitu ambacho mwalimu hapaswi kuomba. Niliwaomba wanirudishie karatasi za jaribio la Jiografia nilizowagawia Jumatatu yake, kwa sababu alama zao zote zilikuwa zimepotea. Mikondo miwili, wanafunzi 118. Darasa lilinyamaza kwanza, kisha likaanza kucheka. Binti mmoja wa dawati la mbele akanyoosha mkono, akauliza kwa adabu kabisa: "Mwalimu, kwani simu yako ikiharibika, ni sisi tunaorudia mtihani?"

Simu haikuwa imeharibika. Ingekuwa hivyo ningekuwa na pa kujificha. Kilichotokea ni kwamba alama zile nilikuwa nimeziandika kwenye tovuti moja ya kutunzia alama, ile aina inayofanya kazi hata bila intaneti: unaandika, inahifadhi ndani ya kivinjari chako, halafu siku ukiwasha data inazipandisha zenyewe. Mimi laptopu sina. Na bando, ndugu msomaji, unajua mwenyewe hali ya mwanachuo aliye TP. Kwa hiyo Jumamosi usiku niliandika alama zote 118 nikiwa nimezima data, nikajisemea nitaziunga wiki ikianza. Jumatatu asubuhi nikagawa karatasi. Jumatatu jioni jirani akanipa Wi-Fi yake kidogo, na kabla sijafungua chochote, simu ikaanza kusasisha programu zake yenyewe.

Kivinjari nilichokuwa natumia kilikuwa toleo la beta. Toleo jipya lilipoingia, kila nikikigusa kinafunguka, skrini inakuwa nyeupe, kinajifunga. Nikajaribu mara kumi hivi. Mwisho nikafanya kile ambacho wengi wetu hufanya bila kufikiri: nikaingia kwenye mipangilio ya simu, nikabonyeza "Futa data". Kivinjari kikafunguka vizuri sana, kisafi kama kimetoka dukani. Alama za watoto zilikuwa ndani ya hiyo data niliyoifuta.

Sikitaji jina kivinjari chenyewe, kwa sababu kosa halikuwa lake. Kwenye ukurasa wa kukipakulia kuna sentensi inayosema wazi kwamba toleo hili ni la majaribio na linaweza kuyumba. Ilikuwapo tangu siku ya kwanza. Mimi niliona neno "jipya" tu, hayo mengine nikayaruka.

Tangu hapo nimekuwa nikiulizwa na wenzangu hapa Chang'ombe maswali mengi kuhusu hizi beta, maana wengi tunazo kwenye simu na wachache tunajua tulichojiunga nacho. Basi nimeona niandike. Jambo lenyewe ni moja tu: beta si zawadi ya kuwatangulia wenzako. Ni kibarua. Umeajiriwa bila mshahara kutafuta makosa, na kibarua hicho kina maana ukikijua na kukifanya. Usipokijua, unalipa wewe. Au kama kwangu, wanalipa watoto wa watu.

Beta ni nini hasa

Programu yoyote kabla ya kutoka hupita hatua. Alfa ni ile inayojaribiwa na waliyoitengeneza, ndani kwa ndani. Beta, herufi ya pili ya Kigiriki, ni hatua ya kuwapa watu wa nje: kazi imekamilika kwa sehemu kubwa, lakini makosa bado yamo na wenyewe wanalijua hilo. Baada ya hapo ndipo linakuja toleo imara, lile analotumia kila mtu.

Wanachotafuta kwako ni hali ambayo hawana ofisini kwao. Simu za Android ziko za maelfu ya aina. Hakuna kampuni yenye meza ndefu ya kutosha kuzipanga zote, wala yenye watu wa kukaa kwenye daladala ya Mbagala Rangi Tatu saa kumi na mbili asubuhi, simu ina laini mbili, chaji asilimia tisa, na mtandao unakuja na kuondoka. Wewe hali hiyo unayo bure. Ndiyo bidhaa yako.

Mambo haya hayajaanza jana. Gmail ilitoka tarehe 1 Aprili 2004 ikiwa na neno beta chini ya jina lake, na neno hilo halikuondolewa hadi Julai 2009. Miaka mitano! Watu waliomba kazi, wakatuma maombi ya vyuo, wakaandikiana barua za mapenzi kwenye kitu ambacho rasmi kilikuwa bado kinajaribiwa. Chrome nayo ilitokea mara ya kwanza tarehe 2 Septemba 2008 kama beta, ikatoka kwenye beta Desemba mwaka huohuo. Nadhani hapo ndipo tulipozoea vibaya. Neno beta likaanza kusikika kama sifa, wakati maana yake ni tahadhari.

Chiriku mgodini

Siku hizi vivinjari vikubwa havitoi beta mara moja na kumaliza. Vinatoa mfululizo, kama mkanda wa kiwandani. Firefox ina toleo liitwalo Nightly, linalobadilika kila siku, kisha Beta, kisha toleo imara. Chrome ina ngazi nne: Canary, Dev, Beta na imara. Tangu 2021 Chrome ilipunguza muda kati ya toleo kubwa moja na jingine kutoka wiki sita hadi nne, na Firefox ilikuwa imefika kwenye wiki nne tangu 2020. Maana yake ni kwamba kitu kinachojaribiwa kwenye beta leo, mwezi ujao kipo kwenye simu ya mama yako.

Hilo jina Canary lina habari yake. Ni yule ndege chiriku. Zamani wachimba makaa ya mawe Uingereza walishuka mgodini na chiriku kwenye kizimba. Hewa ya sumu ikianza kujaa, ndege mdogo anaathirika kwanza, watu wanapata nafasi ya kukimbia. Waliendelea hivyo hadi 1986, mashine zilipochukua nafasi. Waliochagua jina hilo hawakukuficha kitu. Ukipakua Canary, chiriku ni wewe.

Nasema hivi kwa sababu nilipoanza, mwaka wa kwanza, nilidhani ni ujanja. Mwenzangu wa chumbani alikuwa na aikoni ya kivinjari yenye neno tofauti na yangu, nikaona mimi mshamba. Nikapakua Beta, nikaongeza na Nightly, nikajiunga na majaribio ya programu nyingine tatu kwenye duka la Google. Simu yenyewe RAM ni GB 2. Ikawa nikipigiwa inachelewa kuita, bando linaisha kwa masasisho, na hakuna hata siku moja niliyotuma ripoti. Yaani nilikuwa chiriku ambaye hata akizidiwa halii. Hana faida kwa mgodi, na yeye mwenyewe anakufa.

Thika, 2005

Kama unadhani majaribio ni mambo ya Marekani tu, sikiliza hii. Oktoba 2005, Safaricom na Vodafone walianza kujaribu mfumo mdogo wa pesa kwa simu huko Nairobi na Thika, wakishirikiana na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu. Wateja wa majaribio hawakufika hata 500. Lengo lilikuwa dogo na la heshima: mtu aliyekopa aweze kurejesha mkopo wake kwa simu.

Watu walipopewa, wakafanya yao. Wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao. Wafanyabiashara wakalipana. Mtu anayesafiri akaweka pesa upande mmoja wa safari na kuzitoa upande wa pili, ili asitembee na noti mfukoni. Wengine wakawanunulia ndugu muda wa maongezi. Waliokuwa wakiendesha majaribio waliangalia hayo yote, wakaandika, wakabadilisha mpango. Machi 2007 M-Pesa ilipozinduliwa Kenya, kilichotangazwa hakikuwa kurejesha mkopo. Kilikuwa kutuma pesa nyumbani. Mwaka 2008 Vodacom wakaileta Tanzania, na leo mama ntilie wa Temeke anapokea hela ya wali kwa simu bila kufikiri mara mbili.

Hiyo ndiyo beta iliyofanya kazi yake. Watu mia chache wa mtaani walionyesha kitu ambacho wataalamu hawakukiona, na kulikuwa na mtu upande wa pili anayesoma. Vyote viwili vinahitajika. Mtumiaji akinyamaza, au mtengenezaji asiposoma, majaribio yanabaki jina.

Ripoti ambayo ni wewe tu unaweza kuiandika

Kuna makosa ambayo mtu wa California hawezi kuyaona hata akikaa mwaka mzima. Lugha yetu ni mfano mzuri.

Mwaka 2004 Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux na washirika kutoka Sweden, ilitoa Jambo OpenOffice, programu za kazi za ofisini zikiwa kwa Kiswahili. Kabla ya kutafsiri walilazimika kukaa na kukubaliana msamiati, kwa sababu kompyuta inataka neno moja kwa kitu kimoja, kila mahali. Sisi tunaosema "faili" na "hifadhi" leo bila kusita tunafaidi jasho la watu kama wale.

Sasa kazi hiyo haijaisha. Mwaka jana nilijaribu beta ya programu moja ya kusomea vitabu, nikaiweka Kiswahili. Ukitaka kuondoka kwenye ukurasa inakuuliza: "Okoa mabadiliko?" Nikacheka peke yangu kwenye daladala. Kuokoa ni kwa mtu anayezama, au kwa mhubiri kwenye mkutano wa injili. Mabadiliko yanahifadhiwa. Nikawaandikia mistari minne. Baada ya matoleo mawili, neno likawa "Hifadhi". Huenda kuna wengine waliowaandikia pia, sawa. Lakini kwa mara ya kwanza tangu nianze haya mambo niliona kwamba upande wa pili kuna mtu.

Kosa jingine ni la urefu. Maneno yetu mara nyingi ni marefu kuliko ya Kiingereza. Kitufe kilichopimwa kwa neno la herufi nne kinakuja kubeba "Endelea bila kuingia", nusu inakatwa. Ukiongeza ukubwa wa maandishi kama afanyavyo mzee wangu ambaye macho hayaoni vizuri, kitufe kinapotea kabisa. Simu ya bei kubwa yenye skrini pana haionyeshi kosa hilo. Ile ya kwetu, ya kioo kidogo, inaonyesha papo hapo.

Na kuna jambo la data. Chrome kwa Android ilikuwa na sehemu ya kubana kurasa ili bando lisiishe haraka. Machi 2022 iliondolewa, na moja ya sababu Google walizotoa ni kwamba gharama ya data imeshuka katika nchi nyingi. Nchi nyingi, ndiyo. Mwanachuo anayenunua bando la saa 24 na kulikata vipande kama mkate ana la kusema hapo, ila asiposema popote panaposomwa, takwimu zitasema kwa niaba yake.

Kwa hiyo simu yako ndogo si aibu kwenye kazi hii. Ni kifaa cha maabara. Mtu wa simu kubwa anapima kama programu inapendeza. Wewe unapima kama inaishi.

Watu 12 kwa siku 14

Kuna beta nyingine iliyo karibu zaidi nasi, na hii imeingia hadi kwenye makundi yetu ya WhatsApp. Bila shaka umeshaona ujumbe: "Jamani naombeni Gmail zenu, nahitaji testa 12." Wengi wanadhani ni utapeli. Mara nyingi si utapeli.

Google waliweka sharti kwa watu binafsi wanaofungua akaunti mpya za kuweka programu dukani, kwa akaunti zilizofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023. Kabla programu haijaruhusiwa kwenda kwa umma, lazima ijaribiwe na watu waliojiunga mfululizo kwa siku 14. Mwanzo walitaka watu 20. Desemba 2024 wakapunguza hadi 12. Baada ya siku hizo, mwenye programu anajibu maswali: uliwapataje wanaojaribu, waliitumiaje, walikwambia nini, ulirekebisha nini.

Mwaka huu rafiki yangu, wa kozi nyingine, alitengeneza programu ya kukusanya mitihani iliyopita. Kijana amekaa nayo miezi saba. Watu 12 aliwapata ndani ya saa moja, mimi nikiwa mmoja wao, maana Waswahili kwa kusema "nipo mwanangu" hatujambo. Tukabonyeza kujiunga, tukapakua, tukasahau. Mimi niliifungua mara mbili. Siku ya 14 akaomba idhini, akaambiwa aendelee kujaribu. Alikuwa na majina 12 na hana hata kosa moja lililoripotiwa, na si kwamba makosa hayakuwapo. Nilipoketi naye nikaifungua kwenye simu yangu, mtihani wa kurasa nyingi uliiangusha programu ndani ya dakika. Akaniangalia tu, hakusema kitu. Ningemwambia siku ya pili, angeshalirekebisha kitambo.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba "nipo mwanangu" ni ahadi ya kazi. Kama huna nafasi ya kuifungua programu ya mwenzako walau dakika tano kwa siku, mwambie ukweli ampe mwingine nafasi. Hatakuchukia.

Beta na feki ni vitu viwili

Hapa nisisitize, kwa sababu kuna watu wanaumia. Dada yangu anakaa Tegeta. Siku moja alitumiwa na jirani faili la APK kwenye WhatsApp, akaambiwa ni "WhatsApp beta, ina mambo mengi kuliko ya kawaida". Ile haikuwa beta. Ilikuwa ni moja ya zile zilizochezewa, jamii ya GBWhatsApp, zinazotengenezwa na watu wasiohusiana na wenye WhatsApp. WhatsApp wenyewe wameshatangaza kwamba anayetumia hizo anaweza kufungiwa akaunti kwa muda au moja kwa moja, na kwamba hawawezi kuthibitisha usalama wake.

Tofauti ni rahisi kuikumbuka. Beta halisi inatoka kwa mwenye programu, kupitia duka rasmi au tovuti yake mwenyewe. Kwenye duka la Google, shuka chini kwenye ukurasa wa programu, kama kuna majaribio utaona sehemu ya kujiunga. Kwa iPhone majaribio hupitia TestFlight, ambako kila toleo huisha muda wake baada ya siku 90. Faili lililokuja kwenye kundi la WhatsApp, kwa Bluetooth au kwa fundi aliyekuwekea "kama ofa", hilo si la majaribio. Wewe ndiye unayejaribiwa. Na kwenye simu hiyohiyo ndiko ilipo namba ya siri ya hela zako.

Ukitaka kujaribu, fanya hivi

Kwanza, tenganisha. Chrome Beta na Firefox Beta kwa Android hukaa pembeni ya toleo la kawaida, vyote viwili kwenye simu moja. Tumia beta kusoma habari na kuperuzi, toleo imara kwa mambo ya chuo, mkopo na barua pepe. Lakini ukibonyeza kujiunga na beta ya programu nyingine nyingi kwenye duka la Google, beta inachukua nafasi ya programu uliyokuwa nayo. Hapo huna mbili, unayo moja tu, na ni ile inayoyumba.

Pili, hela na beta visikae chungu kimoja. Usijaribu beta ya mfumo mzima wa simu kwenye simu unayotumia kwa benki na pesa za mtandao. Baadhi ya programu za benki hukataa kabisa kufanya kazi kwenye mfumo wa majaribio. Tena jua kwamba kwenye majaribio ya Android yanayoendeshwa na Google, ukijitoa kabla toleo imara halijatoka, simu inafutwa kila kitu. Mlango wa kuingia ni mpana, wa kutokea unakuvua nguo.

Tatu, zima kusasisha kwenyewe. Uamue wewe lini toleo jipya liingie, tena baada ya kuhakikisha kazi zako zimepanda kwenye seva. Mimi hili peke yake lingeniokoa.

Nne, usibonyeze "Futa data" kabla ya kujiuliza kuna nini ndani. "Futa akiba" na "Futa data" si ndugu. Ya kwanza inafuta takataka za muda, ya pili inafuta kumbukumbu yote. Anza na ya kwanza. Ikishindikana, zima na uwashe simu. Ikishindikana, subiri siku moja mbili, maana kosa kubwa kwenye beta mara nyingi hurekebishwa haraka. Kufuta data ni dawa ya mwisho.

Tano, ripoti. Na hapa wengi wetu tunafeli mtihani. Ripoti ya kawaida ni hii: "Programu yenu mbovu, inakwama kila saa, rekebisheni." Huyo anayesoma afanye nini na maneno hayo? Linganisha na hii: "Simu yangu ni Android 11, RAM GB 2, lugha Kiswahili. Nilifungua ukurasa wenye fomu ndefu, nikajaza, nikazungusha simu ikalala. Nilitarajia niliyoandika yabaki. Yalifutika yote. Nimejaribu mara tano, imetokea mara nne." Ongeza namba ya toleo, ambayo utaipata kwenye sehemu ya "Kuhusu", na picha ya skrini kama ipo, ila uzibe majina na namba za simu kabla hujaituma. Mambo matatu tu: nilifanya nini, nilitarajia nini, kimetokea nini. Wanafunzi wa Ualimu tunayajua hayo. Ndivyo tunavyofundishwa kuandika tathmini ya somo.

Kuhusu wale 118

Narudi Mbagala nimalize. Kati ya karatasi 118, zilirudi 97. Nyingine 21 zilishafungiwa vitumbua, zimelowa, au hazijulikani zilipo. Nilikaa na hao 21 Ijumaa mchana baada ya vipindi, nikawapa jaribio jingine fupi. Wawili kati yao walishuka alama, na mmoja ananiapia hadi leo kwamba la kwanza alipata 78. Sina la kumbishia. Nilichoweza ni kumpa 78 yake kwa neno lake, nikaliandika hilo kwenye ripoti kwa mwalimu wa somo, na mwalimu akanitazama kwa muda kabla ya kusaini.

Nimelifikiria sana swali la yule binti. Mimi nilibonyeza kukubali kujiunga na beta. Yeye hakubonyeza chochote. Na nikienda mbele zaidi, TP yenyewe ni nini kama si beta? Mwalimu ambaye hajakamilika anapelekwa kwa watumiaji halisi ili makosa yake yaonekane mapema. Ni mpango mzuri, hata sisi wenyewe hatuna njia nyingine ya kujifunza. Ila wale watoto hawakusoma sentensi ya tahadhari kwenye mlango wa darasa, na Kidato cha Pili chao hakirudiwi kwa sababu mwalimu alikuwa toleo la majaribio. Kinachowalinda ni mambo mawili yaleyale: usiweke kitu chao cha thamani mahali panapoyumba, na wakikwambia umekosea, soma ripoti yao.

Beta bado ninayo kwenye simu. Moja tu, na mwezi uliopita nimetuma ripoti tatu. Alama naandika kwanza kwenye daftari la kaunta, kwa kalamu, kisha ndiyo simu. Wiki ya mwisho ya TP yule binti aliliona daftari mezani, akalifungua, akatafuta jina lake kwa kidole mpaka akalipata. Akasema, "Hapo sawa, Mwalimu."